Filimbi ya Kati

Kwa Kiswahili, mimi na refa tunapuliza kitu kimoja. Yeye ana filimbi, mimi nina filimbi. Askari wa trafiki ana filimbi, mlinzi wa geti ana filimbi, na yule Mdigo anayepuliza mwanzi kule Kwale naye, ukimweleza mgeni, utasema anapiga filimbi, ijapokuwa mwenyewe chombo chake anakiita chivoti. Ndiyo maana nilipowaambia wenzangu wa chumba cha habari kwamba naweka akiba ninunue filimbi ya zaidi ya shilingi laki moja, mmoja aliniuliza mechi yenyewe inachezwa uwanja gani.

Ninayoisema mimi ni ile ya okestra: bomba la chuma la urefu wa kama sentimita 67, linalopulizwa kwa ubavu kama chivoti, lakini lenye vitufe vingi kuliko vidole vyangu. Hugawanyika vipande vitatu, na majina yake yamekaa kama ya mtu: kichwa, kiwiliwili na mguu. Niliianza nikiwa na miaka ishirini na tisa, kwa filimbi ya mkono wa pili, ya aina wanayoiita ya mwanafunzi. Baada ya miaka minne watu wakaanza kuniambia nimefika wakati wa kuhamia filimbi ya kati.

Hilo neno "kati" lilinisumbua. Filimbi ya mwanafunzi ni ya kujifunzia, hilo linaeleweka. Filimbi ya kitaalamu ni ya mtu anayelipwa kupiga. Ya kati ni ya nani? Ni ya mtoto aliye njiani kuelekea kwenye utaalamu, au ni ya mtu mzima kama mimi ambaye anajua kabisa kwamba hakuna okestra itakayomwajiri, na bado kila jioni akitoka kazini anafungua kile kikasha? Nilikuwa natafuta chombo, lakini pia nilikuwa natafuta ruhusa.

Na ruhusa ilikuwa na bei. Niko kwenye chama cha wanawake kumi na wawili. Kila mwezi kila mmoja hutoa elfu kumi na tano, na mmoja huondoka na laki moja na elfu themanini. Zamu yako hufika mara moja kwa mwaka. Filimbi mpya za kati nilizokuwa naziangalia zilianzia laki moja na nusu na kupanda hadi karibu laki tatu, kabla ya usafiri na ushuru wa forodha. Hesabu ilikuwa wazi: zamu yangu nzima ingemezwa na bomba moja. Wakati huohuo, nyumbani kwetu Likoni, mabati ya nyumba ya mama yalikuwa yameliwa na chumvi ya bahari mpaka ukilala chali mchana unaona nyota.

Nilimweleza mama kwenye simu. Hakugomba. Aliuliza tu, "Sasa mamangu, kwani hiyo uliyonayo haitoi sauti?"

Ni swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu filimbi, na halikutoka kwa mwanamuziki. Sikuwa na jibu. Zamu ile ilikwenda kwenye mabati, na hilo halikuwa jambo la kujadiliwa. Basi nikabaki na mwaka mzima wa kungoja, na swali la mama la kujibu.

Jibu la kwanza nililipata kwa Mwalimu wangu, ambaye hupiga kanisani na hufundisha Jumamosi. Nilimwomba jambo ambalo sikuwahi kumwomba: apige yeye filimbi yangu, nami nikae nisikilize. Aliishika, akaanza chini kabisa, C ya kati, D, E. Zile noti ambazo kwangu hutoka kama mtu anayesema na wewe kutoka chumba cha pili, kwake zilijaa chumba. Akacheka. "Hizo ni zako," akasema. Yaani tatizo ni langu, si la filimbi. Kisha akapanda juu. Alipofika E ya oktava ya tatu, noti ikaruka, kama vile huniruka mimi. Akarudia mara tatu, ikaruka mara mbili. "Hiyo ni yake." Akajaribu kupiga juu kwa sauti ndogo, ile ya kunong'ona, sauti ikakatika kabla haijawa ndogo. Akaandika: yake. Noti za chini za harakaharaka ilimbidi azibonyeze kwa nguvu ndipo zitoke. Akaandika: yake.

Kwenye daftari langu kukawa na orodha mbili, yangu na ya chombo. Yangu ilikuwa ndefu. Anayefikiria kubadilisha filimbi ningemshauri aanze hapo kabla ya kufungua tovuti yoyote ya duka. Mpe aliyekuzidi apige ya kwako. Anachoshindwa yeye pia ndicho unachoweza kukinunua. Kilichobaki hakiuzwi.

Jibu la pili nililipata kwa fundi. Nairobi ina mafundi wachache wa filimbi, na niliyeelekezwa kwake ni mzee aliyestaafu kutoka bendi ya jeshi, anayefanyia kazi mezani nyumbani kwake huko Eastlands. Nilimwamkia, akaitikia, akaichukua filimbi bila kuniuliza lolote. Kazi yake ya kwanza haikuhitaji mashine. Alichukua ukanda wa karatasi nyembamba, ile ya kusokotea sigara, akauweka chini ya kitufe, akakifunga taratibu, kisha akauvuta. Pedi ikikaa vizuri, karatasi hukataa kidogo kutoka. Ikivuja, karatasi huteleza kama haikushikwa na kitu. Alizunguka tundu baada ya tundu, kila pembe. Zilizovuja zilikuwa tatu.

"Binti," akaniambia, "wengi wanakuja hapa wanataka filimbi mpya. Wanachotaka hasa ni filimbi yao irudi."

Alibadilisha pedi mbili, akarekebisha skrubu kadhaa, akasafisha vyuma na kuvitia mafuta. Nilipoipuliza, zile noti za chini za haraka zilitoka zenyewe, bila kubonyezwa kama kengele ya mlango. Nikafuta mstari mmoja kwenye orodha ya chombo. Ikabaki mistari miwili: E ya juu, na ule mnong'ono. Baadaye Mwalimu akaongeza wa tatu, mgumu zaidi kuueleza: filimbi ile ilikuwa na rangi moja tu. Ukipiga kwa huzuni au kwa furaha, sauti ilikuwa ileile, kama msomaji wa taarifa ya habari.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa Theobald Boehm. Wapenzi wa fasihi tunapenda kujua nani aliandika nini. Basi filimbi zote za okestra za leo, za bei rahisi na za bei ghali, ni toleo la mtu huyu mmoja. Boehm alikuwa Mjerumani wa Munich, mwana wa sonara na sonara mwenyewe, na pia mpiga filimbi hodari. Mwaka 1831 alikuwa London, akamsikia Charles Nicholson, Mwingereza aliyepiga filimbi yenye matundu makubwa kuliko kawaida na sauti kubwa kuliko kawaida. Boehm alijiona hana uwezo wa kuitoa sauti ile kwa chombo alichokuwa nacho. Mwaka 1832 akatoa filimbi yenye mpangilio mpya wa vitufe, na mwaka 1847 akaibadilisha tena: kiwiliwili kikawa bomba lililonyooka, na kichwa ndicho kikawa chembamba kadiri kinavyokaribia kizibo chake, kutoka kama milimita 19 hadi 17. Ndiyo tunayoipuliza mpaka leo.

Kinachonivutia ni kile kilichomsukuma. Alikuwa amesikia sauti fulani, akajaribu kuitoa, akashindwa, ndipo akarudi mezani. Filimbi mpya ilikuja baada ya sauti. Sisi wengi tunaanza upande wa pili: tunaona filimbi, halafu tunaitafutia sababu.

Na sababu ziko tele kwenye maelezo ya wauzaji. Nilizichambua moja moja nikiwa na zile orodha mbili mkononi.

Kwanza ni matundu wazi. Filimbi ya mwanafunzi kwa kawaida ina vitufe vilivyofunikwa. Nyingi za kati zina matundu katikati ya vitufe vitano, na kidole chenyewe ndicho kifuniko. Faida yake ni ya kweli: unaweza kutelezesha sauti kutoka noti hadi noti kwa kuondoa kidole polepole, au kupata sauti zilizo katikati ya noti mbili. Mtu anayetaka kupiga mtindo wa chivoti kwenye filimbi ya chuma angefurahi. Lakini kwenye orodha yangu ya chombo hakukuwa na mstari unaodai matundu wazi. Na vidole vyangu ni vifupi.

Pili ni mguu wa B. Mguu wa kawaida unaishia C ya kati. Huu mrefu unashuka nusu hatua zaidi. Ni noti moja, na vipande vinavyoihitaji si vingi. Badala yake unaongezewa uzito ule upande ulio mbali na mdomo, na mkono unaousikia ni wako. Nikapita.

Tatu ni mpangilio wa kitufe cha G. Kwenye filimbi nyingine vitufe vyote vimepangwa mstari mmoja ulionyooka, ukiutazama unapendeza. Kwenye nyingine kitufe cha G kimesogezwa kando kidogo kukifuata kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Sauti haibadiliki, kinachobadilika ni maumivu. Nikachagua kilichosogezwa.

Nne ni kile kifaa kidogo cha E. Muundo wa Boehm una udhaifu mmoja unaojulikana: kwa E ya oktava ya tatu, matundu mawili hubaki wazi pale ambapo moja lingetosha, ndiyo maana noti inayumba. Kifaa hiki hulifunga lile la pili. Hapa sikuwa na mjadala. Kilikuwa mstari wa kwanza kwenye orodha yangu, kimeandikwa kwa mkono wa Mwalimu.

Tano ni fedha. Hapa Kiswahili kinatutania tena, maana fedha ni madini na fedha ni hela, na kwenye biashara ya filimbi vitu hivi viwili vimeshikana mikono. Filimbi ya mwanafunzi kwa kawaida hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, kisha hupakwa fedha juu. Mchanganyiko huo Waingereza huuita fedha ya Kijerumani, na ndani yake hamna fedha hata chembe. Ya kati hukupa kichwa cha fedha halisi, yaani sehemu 925 kwa kila 1,000. Ukiongeza pesa unapata kiwiliwili cha fedha pia, ukiongeza tena unafika kwenye dhahabu. Kuna hata platini: mwaka 1936 Edgard Varèse alimtungia Georges Barrère kipande cha kuizindulia filimbi yake ya platini, akakipa jina la *Density 21.5*, ambao ndio uzito wa platini kwa ujazo wake.

Je, madini yanabadilisha sauti? Wapigaji wengi wataapa kwamba ndiyo. Mwaka 1971 mwanafizikia Mmarekani, John Coltman, alichapisha jaribio lake: filimbi za vipimo sawa, moja ya fedha, moja ya shaba, moja ya mbao, zikipigwa bila wasikilizaji kuona. Hawakuweza kuzitofautisha. Hata wapigaji wenyewe, walipozuiwa kujua wameshika ipi, hawakuweza.

Nililisoma hilo nikapumua. Kisha Mwalimu akanirudisha ardhini. Kinachobadilisha sauti, aliniambia, ni mkato wa tundu la kupulizia. Pumzi hutoka mdomoni, inavuka tundu, inagonga ukingo wa mbele, na pale kwenye ukingo inayumba, mara ndani mara nje. Sauti huzaliwa hapo. Urefu wa ukuta wa tundu, mwinamo wake, jinsi kingo zilivyopunguzwa kwa ndani, yote hayo ni vipimo vidogo vidogo sana na huamua kama utaweza kunong'ona au la. Na watengenezaji huwa hawapotezi mkono wao mzuri kwenye kichwa cha bei rahisi. Kwa hiyo ukinunua kichwa cha fedha mara nyingi unapata mkato bora, ila unachopaswa kukishukuru ni mkato.

Basi nikajua natafuta nini: kichwa kilichokatwa vizuri, kifaa cha E, na vingine vyote vya kawaida. Tatizo likabaki moja. Ushauri wote duniani kuhusu kununua filimbi unamalizikia kwenye neno moja: jaribu. Nenda dukani, weka kumi mezani, puliza moja moja. Hilo duka la filimbi kumi mezani mimi sikulipata Nairobi. Nilichokuwa nacho ni watu. Kupitia kwa Mwalimu niliazima mbili kwa siku moja. Moja ilikuwa Yamaha yenye kichwa cha fedha, ya mwalimu mgeni ambaye mkataba wake ulikuwa unakwisha na alitaka kuiuza. Ya pili ilikuwa ya kijana anayesomea muziki, mpya, ya kila kitu: matundu wazi, mguu wa B, inang'aa kama kijiko cha mgeni.

Ikatokea wiki hiyo mama amekuja Nairobi kwa kliniki ya macho. Nikamketisha kwenye kiti, akatupa mgongo, kikombe cha chai mkononi. Nilipiga kipande kilekile cha polepole mara tatu: kwanza kwa filimbi yangu, kisha Yamaha, kisha ile inayong'aa. Nikaongeza majaribio aliyonipa Mwalimu. Noti moja kuanzia sauti kubwa hadi inapotea, kwa pumzi moja. E ya juu, ikiguswa kwa ulimi, mara kumi. Na C-shapu ya katikati, ile inayopigwa vidole karibu vyote vikiwa juu, ambayo ni noti isiyotulia kuliko zote. Debussy alianza nayo *Prélude à l'après-midi d'un faune*, peke yake, bila okestra kuisaidia, na aliyeipiga siku ya kwanza mwaka 1894 alikuwa Barrère huyohuyo, akiwa kijana wa miaka kumi na minane.

Mama hakujua lolote kati ya hayo. Alikunywa chai yake. Nilipomaliza akasema, bila kugeuka, "Ya kwanza ni wewe nimekuzoea. Ya mwisho inapiga kelele vizuri. Ya pili inasema."

Mwalimu alinitazama, nikamtazama. Naye alikuwa amechagua ya pili.

Nilisubiri zamu yangu ya chama. Kabla ya kulipa, niliipeleka kwa mzee wa Eastlands. Alirudia kazi yake ya karatasi, akatazama maungio kama yamelegea, akanusa ndani ya kikasha kama kuna ukungu, akaniambia pedi zina miaka kadhaa mbele yake. Nikamuuliza kama ataweza kuitengeneza siku ikiharibika, akajibu kwamba hiyo anaijua. Swali hilo liko juu kuliko madini. Filimbi ambayo fundi wa mji wako hawezi kuipatia pedi ni pambo. Nikalipa laki moja na elfu ishirini. Zilizobaki elfu sitini zilikwenda Likoni, kwenye mifereji na tangi la maji, maana mabati mapya yalikuwa yanamwaga mvua bure.

Nimekuwa nayo sasa karibu mwaka. E ya juu haijaruka isipokuwa mimi nikiwa nimechoka. Mnong'ono upo. Rangi zipo, tatu au nne, na nyingine nazisikia kwa mbali ila sijazifikia. Ile ya zamani iko kwa Mwalimu. Msichana wa darasa la sita anaitumia kwa zamu na kaka yake, na mzee ameshaipitia tena kwa karatasi yake.

Lile neno "kati" halinisumbui tena. Nilidhani ni daraja la watu waliokwama baina ya kujifunza na kulipwa. Lakini wasomaji wa ukurasa huu wengi ni watu wa kati. Tunasoma mashairi bila kuwa maprofesa wa ushairi, tunaandika usiku baada ya kazi nyingine, na hakuna anayetuambia tuazime vitabu tu kwa sababu hatutapata tuzo. Mtu ana haki ya chombo kinachomtosha. Wajibu wake ni kujua kwanza kinachomtosha ni kipi, na wajibu huo unachukua muda kuliko kukusanya pesa.

Daftari lile bado ninalo. Orodha ya chombo imekwisha kufutwa, mistari yote. Iliyobaki ni ile nyingine.